Miembeni, Michenzani au Fuoni? Jibu kwa muuguzi anayehamia Unguja bila gari

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni muuguzi wa miaka 31, natokea Morogoro. Nimepata kazi Unguja, karibu na Mnazi Mmoja, naanza Februari. Nakuja na binti yangu wa miaka sita. Gari sina na sitegemei kununua. Wenzangu wa kazini wananishauri nipange nyumba mpya Fuoni: vyumba viwili, geti, marumaru, choo ndani. Dalali naye amenitumia picha za sehemu mbili za Ng'ambo (mitaa iliyo jirani na Mji Mkongwe), moja ni vyumba viwili katika nyumba ya zamani Miembeni, uwa wa kushirikiana, nyingine ni fleti ghorofa ya nne katika majumba ya Michenzani. Anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nyumba kongwe naziogopa, lakini kuamka saa kumi na moja alfajiri kukimbizana na daladala nako nakuogopa. Nifanyeje? Na jiko langu la gesi nije nalo au niliuze huku?

JIBU: Marahaba mwanangu, na karibu.

Nimekagua nyumba za mji huu kwa zaidi ya miaka 25 na nimezaliwa Kikwajuni, kwa hiyo yasome maneno yangu ukijua kwamba Ng'ambo ni kwetu. Ningekuwa wewe, ningekaa Ng'ambo. Ila nisingetoa hata shilingi kabla ya kujua mambo mawili: nyumba ni ya nani, na mvua ikinyesha maji yanakwenda wapi. Ukongwe unaouogopa ni jambo la tatu, tena liko nyuma sana ya hayo mawili.

Tuanze na mahali penyewe, maana dalali wa hapa kila chumba kwake kiko "Mji Mkongwe, hapo tu". Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wakubwa bado tunaiita Creek Road, imepita pale palipokuwa na mkono wa bahari. Upande wa magharibi ndio Mji Mkongwe, kwenye nyumba za mawe, milango ya nakshi na wageni wenye kamera. Huko ndiko UNESCO ilikokuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Upande wa pili, ng'ambo ya maji, walikaa waliojenga kwa fito na udongo: watu waliotoka utumwani, wachukuzi, wavuvi, mafundi, Wangazija, watu wa bara kama wewe. Palikuwa na daraja la kuvukia, ndiyo asili ya jina Darajani. Mkono ule wa bahari ukafukiwa kipande kwa kipande, maji yakaondoka, jina la Ng'ambo likabaki. Mitaa yenyewe imeitwa kwa miti: Kikwajuni mkwaju, Miembeni miembe, Michenzani michenza. Ukija usiitafute hiyo miti.

Mitaa hii ilipangwa na miguu ya watu kabla gari halijawa kitu cha kawaida, na faida ya hilo utaiona wewe usiye na gari. Kutoka Miembeni mpaka Mnazi Mmoja ni robo saa, ukiwa umechoka ni dakika ishirini. Soko la Darajani, ambalo lipo pale tangu 1904, unalifikia kwa miguu na kurudi na kikapu kabla maharage hayajaiva. Kama ni Mkatoliki, kanisa la Minara Miwili liko Shangani, utakwenda kwa miguu na viatu vya kanisani. Duka liko kwenye kona, na kona ya pili kuna duka jingine. Fuoni ni kilomita saba au nane kutoka mjini. Si mbali kwa mtu wa saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri, lakini wewe ni muuguzi. Ukitoka zamu ya usiku, au ukiitwa siku ya mvua, ile marumaru ya Fuoni haitakusaidia kituoni. Chukua nauli ya siku ya watu wawili, zidisha kwa siku za kazi za mwezi, ongeza bodaboda za dharura, kisha jumlisha na kodi ya Fuoni ndipo ulinganishe. Wengi hulinganisha kodi kwa kodi, wakagundua baada ya miezi mitatu kwamba nyumba ya bei rahisi imewatoka mfukoni kwa njia ya dirishani.

Sasa nyumba ni ya nani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoona watu wakilia.

Nyumba nyingi za Miembeni, Kisiwandui, Mlandege na mitaa hiyo ni nyumba za urithi. Aliyejenga alikuwa babu au bibi, ameshafariki, watoto wake wengine wameshafariki, na leo warithi wako kumi na mmoja: wawili wanaishi humo humo, mmoja Dar, mmoja Pemba, mwingine Muscat. Anayekuonesha chumba na kupokea pesa ni yule aliyepo. Kuwepo hakumfanyi kuwa mwenye mali peke yake. Namkumbuka mpangaji mmoja, mwalimu, aliyelipa mwaka mzima kwa kaka mkubwa. Mwezi wa nne akaja dada mtu kutoka Oman, amekuta chumba alichoachiwa na mama yake kina kitanda cha mtu asiyemjua. Hakuwa mkorofi yule dada. Chumba kilikuwa chake kweli. Kaka alikuwa ameshazitumia zile pesa. Mwalimu alihama na godoro juu ya mkokoteni, na pesa zake alizipata nusu, tena baada ya kwenda na kurudi kwa sheha, kiongozi wa mtaa, mpaka akachoka.

Basi muulize anayekupangisha, kwa adabu lakini bila kuona haya: "Nyumba hii ni ya nani, na wewe unasimama kwa niaba ya nani?" Kama imeshagawiwa na mahkama ya Kadhi, kuna karatasi. Kama haijagawiwa, taka warithi walau watatu wenye sauti katika ile nyumba wasaini mkataba, akiwemo mmoja asiyeishi hapo, hata kama saini yake itapitia simuni. Wakikuambia "sisi ni ndugu, hakuna tatizo", jibu kwamba kwa kuwa hakuna tatizo basi kusaini itakuwa rahisi. Zipo pia nyumba za wakfu, yaani zilizotolewa kwa ajili ya dini au sadaka, zinazosimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Huko kodi inalipwa ofisini na unapewa risiti. Mtu akikupangishia nyumba ya wakfu barazani kwake na kutaka pesa mkononi, muage vizuri uende zako.

Ugomvi wa kodi si mgeni huku, nikuibie siri. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Nyumba zilikuwa zao, viwanja vilikuwa vya wengine, na kodi ya kiwanja ilikuwa inapanda kila matajiri walipojisikia. Wanawake walikuwa mstari wa mbele katika mgomo ule, kwa sababu wengi wao walikuwa na nyumba zao wenyewe. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikataifishwa na ile kodi ya kiwanja ikaisha. Nakuambia haya kwa sababu utakutana na bibi mwenye nyumba ambaye hakubali kupunguza hata elfu tano, na itakusaidia kujua kwamba nyumba ile mama yake aliipigania.

Fleti ya Michenzani ni kesi nyingine. Majumba yale marefu yanayokutana kama msalaba yalianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa mpango uliotokana na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na kwa nguvu za wananchi wenyewe. Kabla yake Wajerumani hao walikuwa wameshajenga majumba ya Kikwajuni na Kilimani. Nyumba za udongo zilivunjwa kupisha mstari, na wengi waliovunjiwa wakapewa fleti. Kwa hiyo aliyemo leo mara nyingi ni mtoto au mjukuu wa aliyepewa, na jengo lenyewe ni mali ya serikali. Je, ana ruhusa ya kukupangishia wewe? Wengine wanayo, wengine wanafanya tu. Ulizia Shirika la Nyumba Zanzibar ukiwa na namba ya jumba na ya fleti, kabla ya kulipa. Dalali akikuambia ukiuliza utaharibu, ujue ameshakujibu.

Nikiacha hilo, fleti ile ina sifa yake. Ghorofa ya nne utapata upepo ambao Miembeni wanausikia kwenye hadithi tu, na kuta zimegawana: jirani akipika huli moshi wake. Lakini ngazi utapanda kwa miguu, na maji. Muulize jirani wa ghorofa hiyo hiyo, si dalali, bomba linatoa saa ngapi na siku gani. Pengine utaambiwa "usiku, na kidogo". Maana yake ni ndoo au pampu na tangi. Mtoto wa miaka sita, ndoo mbili na ngazi za ghorofa nne baada ya zamu ya usiku. Piga picha hiyo kichwani kwanza.

Turudi Miembeni, kwenye nyumba inayokutisha. Nyumba ya Kiswahili ni kitu rahisi na cha akili: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba kushoto na kulia, uwa nyuma wenye jiko na choo. Zile za zamani kuta zake ni fito na boriti za mikoko, zikajazwa udongo na mawe, zikapigwa lipu ya chokaa. Ukuta wa namna hiyo hauanguki kwa uzee. Unaanguka kwa maji, na mara nyingi kwa huruma ya mwenyewe aliyetaka kuupendezesha. Chokaa inapumua: ukuta ukilowa, unakauka. Mwenye nyumba akija akaupiga saruji nje na rangi ya mafuta ndani, unyevu unabaki humo humo, udongo unalainika, boriti zinaoza na mchwa wanapata makazi. Ndiyo maana mimi nikiona nyumba ya chokaa iliyochakaa kidogo na nyingine ya udongo iliyopakwa saruji ikang'aa, nalala kwenye ile iliyochakaa. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole kwenye kimo cha goti, kisha kwenye kimo cha kifua. Kama sauti ya chini ni tupu na ya juu imeshiba, lipu imeshaachana na ukuta.

Sasa kuna mtego ambao utakupata wewe hasa kwa sababu unakuja Februari. Wakati huo ni kaskazi, jua kali, kila kitu kimekauka. Hata nyumba mbovu inapendeza. Masika yanaanza Machi, na wewe utakuwa umeshalipa mpaka Julai. Basi ikague nyumba kwa macho ya Aprili. Angalia kizingiti cha mlango wa mbele: kiko juu ya kichochoro au chini yake? Vichochoro vimekuwa vikijazwa kifusi na kuwekwa matofali miaka nenda miaka rudi, na baadhi ya nyumba sasa sakafu yake iko chini kuliko njia. Maji hayahitaji mwaliko. Angalia chumvi nyeupe chini ya kuta, na rangi mpya iliyopakwa mwisho wa goti tu. Hakuna anayepaka nusu ya ukuta bila sababu. Inua macho kwenye mabati utafute vitundu vya mwanga, na uulize kama kuna dari, maana bati bila dari mwezi wa Februari ni tanuri. Halafu uende kwa watoto wanaocheza nje uwaulize masika maji yanafika wapi. Mtu mzima atasema "hayaingii". Mtoto atakuonesha kwa mkono kwenye mguu wake.

Karo, yaani shimo la maji machafu ya choo, nalo liulizie: liko wapi, linatumiwa na watu wangapi, lilinyonywa lini mara ya mwisho. Likiwa uwani karibu na kisima, kisima hicho kiwe cha kufulia na kudekia tu.

Umeme wa Zanzibar ni wa kununua kwanza kama LUKU yenu, huku tunaita TUKUZA. Katika nyumba za vyumba vya kupangisha mita huwa moja kwa watu wanne au watano, na sijui ugomvi gani wa uwani ambao haukuanzia hapo. Mwenye friji anachangia sawa na mwenye taa moja? Anayepika kwa umeme je? Taka mita yako mwenyewe, au ile ndogo ya kuhesabia ndani, na kama haipo mkubaliane mgao mbele ya wapangaji wenzako kabla hujaingiza kitanda.

Kuhusu miezi sita: ni kawaida ya hapa, lakini kawaida inajadilika. Mwenye nyumba aliyekaa na chumba kitupu tangu Desemba atakubali mitatu, hasa akisikia wewe ni muuguzi mwenye mshahara wa kila mwezi. Dalali atataka chake, mara nyingi kodi ya mwezi mmoja. Mlipe siku ya kukabidhiwa ufunguo, si siku ya kuoneshwa mlango. Na mkataba uandikwe hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari, wenye majina, kiasi, tarehe ya kuingia na kutoka, nani anatengeneza bati likivuja, na kwamba ukitengeneza wewe kwa makubaliano, pesa hiyo itakatwa kwenye kodi. Weka pia muda wa notisi. Hili la notisi lina uzito wake siku hizi, kwa sababu Ng'ambo inajengwa upya. Kwahani nyumba za zamani zimevunjwa kupisha maghorofa, na kwingineko mtu binafsi anauza, jirani anapandisha ghorofa tatu. Muulize waziwazi kama ana mpango wa kuvunja. Uso wake utasema kabla ya mdomo.

Ukishapata pahala, nenda kwa sheha wa shehia yako katika siku za mwanzo, na barua ya utambulisho ya mtendaji wa mtaa uliotoka. Watu wa bara hulichukulia jambo hili kama usumbufu. Ni kinga. Siku ukiwa na mgogoro na mwenye nyumba, sheha ndiye wa kwanza kuulizwa huyu ni nani, na ni vyema awe anajua.

Kuishi kwenyewe utajifunza haraka. Mlango wa ukumbi mchana huwa wazi, kwa hiyo hodi inapigwa hata kwenye mlango usiofungwa. Wazee wa barazani unawasalimia kila unapopita. Ukikaa siku tatu bila kupita, ndio watakaotuma mtu kuja kukutazama. Ndani ya uwa kanga inatosha, nje vaa kwa staha kama wenzako. Ramadhani hutakatazwa kula ndani kwako, ila usipike na kula mchana uwani penye wafungaji. Harusi ikifika kichochoro kitafungwa kwa turubai na utaombwa mchango. Toa ulichonacho, uende ukae hata nusu saa. Kelele zipo. Adhana zipo, misikiti ni mingi na iko karibu. Kama unahitaji kulala mchana baada ya zamu ya usiku, chagua chumba cha upande wa uwa, si cha barazani, na uwaambie wenzako wa nyumba ratiba yako tangu siku ya kwanza. Faragha ya Fuoni hutaipata hapa, nisikudanganye. Kila mtu atajua umenunua samaki gani. Lakini binti yako wa miaka sita akitoka skuli na wewe hujarudi, atakuwa na uwa mzima wa mabibi wa kumuuliza kama amekula. Mama mwenye zamu za usiku na asiye na ndugu kisiwani anahitaji hilo kuliko geti.

Kwa hiyo fanya hivi: usilipe chochote kwa picha. Njoo siku nne kabla, ukae nyumba ya wageni ya bei ndogo. Itembee njia ya kazini mara mbili, alfajiri na saa tatu usiku, uone vichochoro vipi vina taa. Miembeni iwe chaguo la kwanza endapo warithi watasaini na kizingiti kiko juu. Michenzani iwe la pili endapo karatasi zipo na maji yanapanda. Zote mbili zikishindwa, usirudi mbio Fuoni. Tembea Kikwajuni Juu, uulize kwenye maduka. Vyumba vingi vizuri vya huku havijawahi kufika kwa dalali.

Jiko la gesi lilete, mtungi uuze huko huko, utanunua mwingine hapa bila kuhangaika nao bandarini. Kabla ya kuliwasha jiko uwani, ulizia kila mpangaji anapikia kona gani. Kona hizo zina wenyewe. Na usisahau feni. Februari utaihitaji usiku wa kwanza.